Mombasa, Unguja au Tanga: una siku nne, uende mji gani wa bandari?

Kila likizo ikikaribia simu yangu inaanza kuita, maana kwa ndugu zangu wa bara mimi ndo nahesabika mtu wa pwani, ingawa kiukweli nimezaliwa Moshi na bahari nimeiona mara ya kwanza nikiwa na miaka 14. Ila dada yangu ameolewa Mombasa, mama mdogo anakaa Ngamiani Tanga toka mimi sijazaliwa, na Unguja nilikaa miezi 8 kikazi, kwa hiyo swali linakuja lile lile: tuna siku nne, tunataka mji wenye historia, sio kulala ufukweni tu, twende wapi? Zamani nilikuwa nawatajia mji mmoja, wakirudi wananilaumu. Binamu yangu nilimpeleka Tanga akaniambia "kaka, kule watu wanalala", na yule jirani yake niliyempeleka Unguja akarudi analia hela. Kosa halikuwa la miji, lilikuwa langu, sikuuliza anaenda mtu wa aina gani.

Navyopima

Kwanza historia, na sio kwamba ipo au haipo maana yote mitatu inayo ya kumwaga, swali ni je, unaiona kwa macho au inabidi usimuliwe? Pili cha kufanya mchana kutwa. Tatu msosi. Nne kufika na mfuko. Tano usumbufu, yaani joto, foleni, ngazi, watu wa kukuganda, vitu ambavyo kwenye picha havionekani. Kuogelea sijakuweka kwenye vipimo, fukwe nzuri zote ziko nje ya mji kidogo kwa miji yote mitatu na hilo ni somo lake.

Halafu ujue hii miji ni ndugu. Upepo wa kaskazi ulileta majahazi yale yale, kusi ikayarudisha, Mreno kawapitia wote, Mwoman kawapitia wote. Hata hiki Kiswahili tunachoandika, mkutano wa 1928 uliokubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa, na mwandishi aliyekuja kukipamba kuliko wote, Shaaban Robert, ni mtoto wa Tanga. Kwa hiyo ukienda mmoja sio kwamba umekosa mingine moja kwa moja.

## MOMBASA

Historia

Hapa historia ni ya vita, mji wenyewe jina la zamani ni Mvita, wengine wanasema ni kwa ajili ya Shehe Mvita wengine wanasema ni vita vyenyewe, wenyeji hawajamaliza kubishana. Ibn Battuta alipita 1331. Vasco da Gama kaja 1498, hakupokelewa vizuri, akaendelea zake Malindi, na Wareno waliorudi baadaye mji wakauchoma 1505 na wakauchoma tena 1528. Mwisho wakaona wajenge kabisa, ndo Ngome ya Yesu, 1593 mpaka 1596, ramani kachora Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na wameikalisha juu ya mwamba wa matumbawe hivi kwamba ukisimama chini upande wa bahari hujui mwamba umeishia wapi na ukuta umeanzia wapi.

Ukipata mtembezaji mzuri mwombe akusimulie habari ya Yusuf bin Hasan. Huyu ni mtoto wa sultani, Wareno walimchukua mdogo wakampeleka Goa, wakambatiza Dom Jerónimo, wakamrudisha kuwa mtawala wao. 1631 akawageuka, akamuua kapteni ndani ya ngome hiyo hiyo, akarudi kwenye Uislamu, na mwaka uliofuata akaiacha ngome akaingia baharini kuwa haramia. Mimi kila nikisikia hiyo nashangaa hakuna mtu aliyeitengenezea tamthilia. Halafu 1696 Waoman wakaizingira, karibu miaka mitatu watu wako ndani wanakufa kwa njaa na magonjwa, ikaanguka Desemba 1698. Mwingereza naye kuanzia 1895 akaifanya jela mpaka 1958, sasa ni makumbusho, na UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia 2011.

Cha kuona

Ngome nenda saa tisa alasiri jua likishalegea, sio saa sita utakaangika. Ukitoka unaingia Mji wa Kale kwa miguu, shika Ndia Kuu (ndio, "ndia" sio "njia", uko kwenye Kimvita, Kiswahili cha Mombasa bana), tazama roshani za mbao na milango. Sokoni Marikiti kwa viungo. Zile sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue kila mtu anapiga picha, ni dakika tano umemaliza. Lakini kitu mimi napenda kuliko vyote hakina tiketi, ni kukaa Mama Ngina jioni chini ya mibuyu na muhogo wa kukaanga, meli ya makontena inapita kwenye mlango wa Kilindini karibu kiasi kwamba mtoto anampungia baharia mkono. Pale ndo unaelewa kwamba hii bandari haijastaafu, reli iliyoanza kujengwa hapa 1896 ikafika Ziwa Victoria 1901 ilikuwa ni kwa ajili ya mlango huo huo, na mpaka leo mzigo wa Uganda, Rwanda mpaka Congo unapita hapo.

Wenye watoto kuna Haller Park kule Bamburi, lilikuwa shimo la kuchimba mawe ya saruji, toka 1971 wakaanza kupanda miti mpaka likawa msitu wenye twiga na viboko. Ni kule kule yule kiboko yatima wa tsunami ya 2004 alifanya urafiki na kobe mzee, watoto wangu hawajaacha kuuliza habari zake.

Msosi

Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, jioni viazi karai na ukwaju, katikati biriani. Sina la kuongeza.

Kufika na mfuko

Kutoka Nairobi ni rahisi kuliko kote, treni ya SGR (reli mpya ya kisasa) ipo toka 2017, masaa kama matano au sita, ila stesheni iko Miritini sio mjini kwa hiyo weka hela ya kuingilia kisiwani. Kutoka Tanzania ni basi kupitia Tanga na Horohoro. Malazi yapo ya kila aina, ila mtu wa Tanzania ukibadilisha hela shilingi ya Kenya inauma kidogo.

Usumbufu

Foleni. Feri ya Likoni saa za kazi sio sehemu ya kwenda na mtoto mgongoni na begi mkononi. Joto la Januari mpaka Machi ni kali na jiji ni kubwa, kutoka kitu kimoja kwenda kingine ni tuktuk au matatu. Na Desemba Nairobi yote inahamia huku, bei zinapaa.

Nani atapapenda

Mtu anayetaka historia lakini pia jioni anataka mji wenye kelele, watu, muziki, maduka. Familia yenye watoto pia, maana wakichoka ngome kuna pa kuwapeleka.

## UNGUJA, MJI MKONGWE

Historia

Kama Mombasa ni vita, hapa ni biashara, na biashara yenyewe ilikuwa chungu. Seyyid Said, sultani wa Oman, alihamisha makao yake kutoka Maskati kuja hapa kwenye 1840 hivi, karafuu zikapandwa, pembe na watu wakaletwa kutoka bara mpaka Maziwa Makuu, na hela ya hivyo vyote ndo ilijenga haya majumba tunayoyapiga picha. Hilo usilikwepe. Soko la watumwa lilifungwa 1873, na pale Mkunazini wakajenga kanisa la Anglikana, altare ipo pale ulipokuwa mti wa kuchapia. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu wamefungwa minyororo shingoni. Nilienda na kundi la vijana wa chuo waliokuwa wanapiga selfi toka asubuhi, waliposhuka kwenye vile vyumba vya chini vyenye dari fupi hakuna aliyetoa simu.

Mengine: Ngome Kongwe ni ya Waoman, waliijenga baada ya kumfukuza Mreno, pale pale palipokuwa na kanisa lake. Beit el Ajaib, Jumba la Maajabu, kalijenga Seyyid Barghash 1883. Na mbele ya hapo hapo tarehe 27 Agosti 1896 ilipiganwa ile vita fupi kuliko zote duniani, Khalid bin Barghash kakalia kiti cha usultani bila ruhusa ya Mwingereza, manowari zikafyatua, dakika 40 hivi mambo yamekwisha na Khalid kakimbilia kwa Wajerumani. Halafu 12 Januari 1964, Mapinduzi, ambayo wazee wa mtaani watakusimulia kwa sauti tofauti kulingana na nyumba uliyokaa, wewe sikiliza tu.

Cha kuona

Mji wenyewe ndo kitu. UNESCO waliuandikisha mzima mwaka 2000, na tofauti na Mombasa ambako Mji wa Kale ni kipande cha jiji kubwa, hapa unaamka ndani yake na unalala ndani yake. Vichochoro, mabaraza, milango yenye misumari ya shaba. Utapotea, hiyo haina ujanja, ukipotea fuata sauti ya magari utatokea Darajani au fuata upepo utatokea baharini. Jumba la Maajabu upande wake uliporomoka Desemba 2020 likiwa kwenye matengenezo na watu wawili walifariki, kwa hiyo usipange safari kwa ajili yake, ulizia kwanza kama pako wazi. Hamamni, bafu za enzi za Barghash, watu wengi wanaruka, msiruke. Ukitaka kutoka mjini kuna boti za kwenda kisiwa cha Changuu kwenye kobe wakubwa, na mashamba ya viungo.

Februari kuna Sauti za Busara ndani ya Ngome Kongwe, ukipenda muziki panga kwa tarehe hiyo ila malazi yawahi. Taarabu pia kwao ni hapa, mwimbaji Siti binti Saad alivuka mpaka Bombay kurekodi sahani za santuri mwaka ule ule wa 1928 ambao wakubwa walikuwa Mombasa wanajadili lugha yake.

Msosi

Forodhani usiku ni raha ya macho, mishikaki, pweza, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, ile chapati ya kukunja wanayoiita pizza. Ila uliza bei KABLA hujashika sahani. Mimi kuna muuzaji alinihesabia kamba mmoja mmoja kwa bei ya mgeni, nikaongea Kiswahili changu chote hakikusaidia maana lafudhi ya Kichaga ilishaniuza. Urojo kula mitaani, sio Forodhani, na kahawa chungu kanywe Jaws Corner na wazee wanaobishana siasa na mpira.

Kufika na mfuko

Boti kutoka Dar, masaa mawili hivi, beba kitambulisho hata kama ni Mtanzania. Kutoka Nairobi na Mombasa ndege zipo. Hapa ndo ghali kuliko kote na sababu ni kwamba bei nyingi zinafikiriwa kwa dola. Mwenyeji anaweza kupunguza makali akilala Ng'ambo badala ya Mji Mkongwe, unavuka barabara tu, bei inashuka na chakula kinakuwa cha watu wa kawaida. Masika, Machi mpaka Mei, nako kunashuka, ila unalowa.

Usumbufu

Papasi, yaani vijana wa kuwinda wageni mitaani. Hawana ubaya sana, wanatafuta riziki, lakini kila hatua kumi ni "boss, tour? spice?" na mtu mwenye hasira za karibu siku ya pili anagombana. Ngazi za majumba ya zamani ni kali, nyingine kama za kupandia dari, mama yangu alikataa kabisa kulala ghorofa ya pili. Ramadhani mchana sehemu nyingi za kula zimefungwa na heshima inadaiwa, lakini usiku baada ya futari mji unakuwa mtamu kuliko mwezi wowote, mimi ningeenda kipindi hicho makusudi. Na mavazi, wadau, funikeni mabega na magoti, mnaingia mtaani kwa watu.

Nani atapapenda

Wawili waliooana juzi, mtu peke yake na kamera, mtu anayetaka kila kitu kiwe kwa miguu. Na yeyote anayetaka kuelewa habari ya utumwa wa pwani hii kwa undani, maana hapo hakuna mji mwingine utakaompa zaidi.

## TANGA

Historia

Sasa hapa ndo mnanicheka kila mwaka. Tanga historia yake haijapigwa rangi. Iko pale, nyingine haina hata kibao, inabidi umuulize mtu, na mtu wa Tanga ukimuuliza anakaa chini kwanza ndo anaanza kujibu.

Mjerumani ndo kaupanga huu mji, reli ya Usambara ilianzia hapa 1893, ikafika Moshi 1911 (kwa hiyo kijijini kwetu tuna undugu na Tanga wa vyuma kabisa). Mwaka huo huo wa 1893 Mjerumani Richard Hindorf akaingiza miche ya mkonge kutoka Florida, na kutoka kwenye hiyo miche Tanganyika ikaja kuwa ya kwanza duniani kwa katani. Watu wakaja kufanya kazi mashambani kutoka kila kona, kutoka bara yote mpaka Msumbiji na Burundi, ndo maana Tanga ukiuliza kabila la mtu unapewa hadithi ndefu.

Halafu Novemba 1914, vita vya kwanza vya dunia. Waingereza walishusha hapa jeshi kutoka India, watu kama 8,000, upande wa pili kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, ana kama 1,000, wengi wao askari weusi. Ikapigwa vita barabarani na kwenye mashamba, katikati ya risasi nyuki wakachafukwa wakaanza kuuma watu, ndo maana inaitwa vita vya nyuki. Wale 8,000 wakarudi melini wakaacha mpaka bunduki. Mama mdogo anasimulia kama vile alikuwepo, anasema nyuki walikuwa wanatumwa, na mimi nimeshajifunza kutobishana naye mezani.

Ya zamani zaidi iko Tongoni, kusini ya mji mwendo wa nusu saa hivi, magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo kutoka enzi kabla ya Mreno. Siku niliyoenda tulikuwa mimi, mlinzi, na mbuzi.

Cha kuona

Mjini makumbusho ya Urithi kwenye boma la zamani, mnara wa saa, jengo la zamani la hospitali ya Bombo ukilitazama kwa nje (ni hospitali, usiingie na kamera), Raskazone jioni. Ngamiani mitaa imepewa namba, barabara ya kwanza, ya pili, mpaka inapita ishirini, hupotei hata ukitaka. Kodi baiskeli, mji ni tambarare na nusu ya watu wako juu ya baiskeli.

Kubwa ni Mapango ya Amboni, kama kilomita 8 ukielekea Horohoro. Ni mawe ya chokaa, popo wengi, kuna sehemu unapita kwa kutambaa, na kuna chumba cha mzimu watu wanaacha chupa za marashi na vitambaa. Watakwambia walijificha humo Osale Otango na mwenzake miaka ya 1950 wakisakwa na Mkoloni, na watakwambia pango moja linatokezea Mombasa. Sawa. Tochi beba yako, ya kukodi ilituzimikia katikati na mtu mzima mmoja, simtaji, alianza kusoma dua kwa sauti.

Msosi

Samaki wabichi kwa bei ambayo mtu wa Unguja ataona unamtania, bada (ugali wa muhogo) kwa mchuzi, na msimu wa machungwa ya Muheza unakula mpaka midomo inawasha.

Kufika na mfuko

Basi kutoka Dar, kilomita kama 350, nusu siku. Kutoka Moshi na Arusha ni basi la siku. Gesti safi kwa bei ya kawaida, bajaji ni hela ndogo. Hapa ndo siku nne zinageuka sita bila kukopa.

Usumbufu

Binamu yangu hakudanganya, kumetulia. Usiku hakuna mengi. Vivutio vimetawanyika nje ya mji kwa hiyo bila bajaji ya siku nzima hutoki. Na kama unahitaji kibao cha maelezo kila kona utaona hakuna kitu.

Nani atapapenda

Mtu aliyechoka, mwenye kupenda kuongea na watu, mwanafunzi wa historia au lugha (Shaaban Robert kazaliwa na kuzikwa Machui, nje kidogo ya mji), na mwenye bajeti nyembamba.

## Sasa wewe uko upande gani

Una watoto chini ya miaka 10: Mombasa. Unguja watoto wanachoka vichochoro siku ya pili, Tanga mapango yanawatisha, ingawa wa kwangu walipenda popo.

Unasafiri na wazazi: inategemea miguu. Wakiwa na magoti mabovu Tanga, au Unguja kwa sharti chumba kiwe chini.

Fungate na hela imeshawekwa: Unguja, siku mbili mjini mbili ufukweni. Fungate na hela hakuna: Tanga, halafu teremkeni Pangani, hakuna atakayejua mmetumia kiasi gani.

Unatoka Nairobi na una wikendi tu: Mombasa, usijidanganye na kwingine, utamaliza muda njiani. Unatoka Dar na una wikendi tu: boti ya asubuhi Unguja.

Wanafunzi wa sekondari kundi zima: kama wanasoma utumwa Unguja, kama wanasoma vita vya kwanza vya dunia au ukoloni wa Mjerumani Tanga, Wareno ni Mombasa.

Na ukiwa na siku sita au saba na huwezi kuamua, anzia Tanga siku tatu, panda basi la asubuhi Horohoro mpaka Lunga Lunga, mchana uko Mombasa, na usije ukaniambia umeona bahari mbili. Beba pasipoti au ile pasi ya muda ya Afrika Mashariki, kadi ya homa ya manjano iwe mfukoni, na badilisha hela kidogo kidogo sio yote mpakani. Dada yangu ukimfikia salimia, ila usimwambie nimesema mahamri ya Tanga nayo sio mabaya.